Sasa Nani Atacheza Sita?

Mwezi wa saba ukiingia, mimi sina usiku wala mchana. Klabu zinazindua jezi za msimu, Simba Day na Wiki ya Mwananchi, sherehe za Simba na Yanga, ziko mlangoni, na mitaa ya Kariakoo inavaa rangi kabla watu hawajavaa. Jezi zinaning'inia mpaka usawa wa nyaya za umeme. Mimi siuzi jezi. Mteja anakuja na yake, mimi namchapia jina na namba mgongoni. Kibanda changu ni upana wa milango miwili tu, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, na kazi hii nimeishika tangu 2011.

Wiki mbili zilizopita alikuja kijana wa chuo na jezi ya Manchester City, anataka 23. Nikamuuliza jina gani, maana City hakuna mtu anayevaa 23.

"Najua, dada," akasema. "Nataka ya Foé."

Nikaacha nilichokuwa nashika. Si kila siku anaingia mtoto aliyezaliwa baada ya Foé kufariki, akamtaja kwa heshima namna ile. Nikamkatia namba yake, nikampanga kwenye foleni, naye akiwa pale kwenye benchi akaanza kunilaumu kana kwamba mimi ndiye TFF, shirikisho la soka la nchi. Mbona klabu zetu hazistaafishi namba? Milan wameiweka pembeni 3 ya Maldini, Napoli wameiweka 10 ya Maradona, Chicago Bulls kwenye kikapu wameitundika 23 ya Jordan darini kwenye uwanja wao. Sisi hatuna hata moja ya maana. Hatuheshimu watu wetu, akasema.

Foleni ilikuwa ndefu, nikamjibu nusu. Nusu iliyobaki imenikaa kifuani tangu siku ile, naiandika hapa.

Nianze na huyo Foé, kwa sababu habari yake nadhani kijana aliijua robo. Marc-Vivien Foé, Mcameroon, kiungo, alianguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003, nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia, akafariki. Alikuwa na miaka 28. Msimu uliokuwa umetoka kuisha alikuwa Manchester City kwa mkopo, na tarehe 21 Aprili alifunga mabao mawili City walipoifunga Sunderland 3-0 pale Maine Road. Bao lake la pili siku ile ndilo bao la mwisho City kulifunga kwenye uwanja huo. Walikuwa wameutumia tangu 1923. Msimu ulipoisha wakahama, Maine Road ikabomolewa. Uwanja waliohamia ukaitwa City of Manchester, na tangu 2011 unaitwa kwa jina la shirika la ndege. Kwa hiyo uwanja alioufungia bao haupo, jina la uwanja mpya limeshauzwa, na kilichobaki cha siku ile ni namba 23 ambayo haivaliwi. Hapo namwelewa kijana. Pale namba inabeba mzigo ambao kuta zimeshindwa kuubeba.

Na angalia timu aliyoifunga. Sunderland. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilimpigia baba simu nimsomee, maana nyumbani kwetu Sunderland lilikuwa jina la ukoo.

Baba yangu alizaliwa Ilala mwaka 1949, akawa mtu wa Sunderland. Hii yetu, ya Dar es Salaam. Klabu ilianza 1936, ikapitia Queens, ikapitia Eagles, ikatulia kwenye Sunderland mpaka 1971 ilipoitwa Simba. Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha na majina ya kigeni yalikuwa yanavuliwa kila mahali. Baba aliipokea Simba kwa moyo mmoja, lakini Sunderland hakuitupa, aliitunza kwa matumizi yake. Watani wa Yanga wakimkumbusha tano bila walizotufunga mwaka 1968, yeye alikuwa anajibu taratibu, akikoroga chai: "Aliyefungwa tano ni Sunderland. Aliyewafunga sita ni Simba." Sita bila ni za Julai 1977, mshambuliaji wetu Abdallah Kibadeni peke yake akiwa na tatu. Halafu anakunywa chai yake. Hakuna aliyewahi kumjibu mbele yangu, na mimi nilikuwa natega masikio kila mara.

Yanga habari yake ni nyingine, na kwa mtu anayechapa majina kama mimi ndiyo inayonivutia zaidi. Kwenye makaratasi wao ni Young Africans tangu 1935 mpaka leo. Hakuna mkutano mkuu uliokaa kuamua waitwe Yanga. Ni midomo ya watu tu. Waliichukua hiyo Young, wakaimalizia kwa irabu kama tunavyomalizia kila kitu, na sasa Mswahili akikwambia "Young Africans" unajua anasoma taarifa ya habari. Mteja hajawahi kunikalia hapa akataka nimchapie hilo jina refu. Sunderland lilibadilishwa kwa uamuzi, Young likabadilishwa kwa kutamkwa, na yote mawili yameshika. Mimi nimeona majina mengi ya uamuzi ambayo hayakushika hata wino haujakauka.

Timu ya mtaani kwetu Temeke, kwa mfano, ilikuwa inaitwa kwa jina la mtaa. Mwaka mmoja wa uchaguzi alikuja mgombea mmoja, akatoa jezi seti nzima na mipira miwili, sharti timu ichukue jina lake. Viongozi wakakubali, jezi za zamani zilikuwa zimetoboka. Mashindano yalipoanza mtangazaji alilitaja jina la mgombea kwenye kipaza sauti, na watazamaji wakashangilia kwa jina la mtaa, mchezo mzima, dakika tisini. Uchaguzi ukapita, mtu yule hatukumwona tena. Jezi zake tulizivaa mpaka zikaisha kwa sababu kitambaa ni kitambaa. Ila iliniuma, na inaniuma mpaka leo nikikumbuka watoto wale wamevaa sura ya mtu kifuani ambaye hakujua hata mmoja wao anaitwa nani.

Kwa wakubwa pia yapo. Ihefu, timu ya ligi kuu, ilikuwa ya Mbarali, kule Mbeya. Ihefu si neno la kutunga, ni bonde, ardhioevu ya Usangu ambayo maji yake yanakwenda Ruaha Mkuu. Tarehe 29 Novemba 2022, kwenye uwanja wao wa Highland Estates kule Ubaruku, Ihefu waliifunga Yanga 2-1, Yanga ambayo ilikuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza. Mimi ni binti wa Simba, siku hiyo nililia kwa furaha, nakiri. Alikuja mzee mmoja wa Kisangu asubuhi yake, ana duka la mchele Tandale, akataka jezi nyeupe ya kawaida tu nimchapie IHEFU na 49. Mwaka 2024 timu ikahamishiwa Singida, ikaitwa Singida Black Stars. Sina ugomvi na watu wa Singida, nao wanastahili timu. Lakini ile siku ya Ubaruku sasa ni ya nani? Ukitafuta kwenye msimamo wa ligi leo hukuti Ihefu. Bonde lipo palepale, na maji yake yanateremka Ruaha. Jina lilikuwa la mahali, na mahali hapahamishwi kwa lori. Kama kuna kitu ningetaka kistaafishwe kwa heshima ni jina lile, libaki Mbarali hata kama hakuna timu ya kulivaa, kuliko kufutwa kimyakimya namna ile.

Mteja wangu mmoja Mkenya, analeta viatu kutoka Nairobi, aliniambia jambo lililonipa faraja kidogo. Wao mwaka 1980 serikali ilitaka majina ya kikabila yatoke kwenye michezo, na Abaluhya ikageuka AFC Leopards. Mashabiki wakalichukua hilo Leopards, wakalirudisha kwenye Kiluhya, wakaiita Ingwe. Chui. Jina likatolewa kwa mlango wa mbele, watu wakaliingiza kwa mlango wa nyuma likiwa limevaa ngozi.

Rangi nitaipitia haraka, kila mtu wa Dar anaijua: Simba nyekundu, Yanga kijani. Siku ya dabi mama yangu, ambaye kwao wote ni Yanga, alikuwa anafunga kanga ya kijani, na baba anaondoka nyumbani bila kunywa chai kwa sababu chupa ya chai nayo ilikuwa ya kijani. Klabu zenyewe ni hivyohivyo. Yanga waliwahi kukataa nembo ya mdhamini wa ligi kifuani kwa kuwa ilikuwa nyekundu, ikabidi itafutiwe rangi nyingine. Nimemwona mteja akirudisha jezi ya kijani nzuri kabisa kwa ajili ya uzi mwekundu mmoja kwenye lebo ya ndani ya shingo. Nilichukua mkasi nikautoa. Akalipa, akashukuru.

Viwanja, hapo ndipo nataka kukaa.

Tarehe 7 Juni 2010 Brazil walikuja Dar kucheza na Taifa Stars, siku chache kabla ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Kaka yangu alikuwa amejinyima miezi mitatu akatununulia tiketi tatu, yake, yangu na ya baba. Baba alikuwa anatokea Ilala, sisi tunatokea nyumbani Temeke. Tukakubaliana kwa simu tukutane Taifa, saa tisa, getini. Tukafika. Umati ule sijawahi kuuona tena. Saa tisa na nusu baba haonekani. Nikampigia.

"Baba uko wapi?"

"Nimefika Taifa muda. Nyie mko wapi?"

"Na sisi tuko Taifa, getini."

"Mimi niko getini na siwaoni."

Tulizunguka, tukapigiana, tukageuka huku na huku, mpaka kaka akashika kichwa, akasema, "Baba yuko Uhuru." Tukakimbia. Viwanja viwili vile vimekaa kama ndugu wa tumbo moja, ukuta kwa ukuta. Na kweli, mzee wetu alikuwa amesimama kwenye geti la uwanja wa zamani, geti limefungwa, peke yake, kofia nyekundu kichwani, tiketi ameishika kwa mikono miwili. Watu maelfu wanampita wanaelekea upande wa pili, na yeye hajatikisika.

Kwake Taifa ilikuwa ile. Uwanja mpya ulipofunguliwa 2007, ule wa watu elfu sitini, ndio uliobeba jina la Taifa, na ule wa zamani ukawa Uhuru. Wengine wanauita Shamba la Bibi. Hayo baba aliyasikia redioni kama watu wote, ila miguu yake haikuyasikia. Kaka akamwambia kwa upole, "Baba, Taifa sasa ni ule pale." Baba akautazama, mkubwa, unang'aa, halafu akageuka kwenye lile geti lililofungwa. "Taifa ni hapa bendera ilipopandia," akasema. Desemba 1961 alikuwa na miaka 12, babu alimbeba mabegani hapohapo ndani usiku ule bendera ya Tanganyika inapandishwa. Mtu wa namna hiyo humwambii kirahisi kwamba jina limehama.

Tuliingia, tukafungwa tano kwa moja. Bao letu alifunga Jabir Aziz na nakuapia nilisahau kama tumefungwa.

Miaka kumi baadaye, Julai 2020, Rais mstaafu Mkapa alifariki. Mwili wake uliwekwa Uhuru watu wamuage, na kwenye kumuaga hukohuko Rais Magufuli akatamka kwamba uwanja wa jirani uitwe Benjamin Mkapa, kwa kuwa ulijengwa kwa juhudi zake. Hilo ni jina la uamuzi, tena uamuzi wa siku moja. Lakini sikiliza watu walivyolipokea. Hakuna anayesema "Uwanja wa Benjamin Mkapa" isipokuwa mtangazaji. Watu wanasema kwa Mkapa. "Tunakwenda kwa Mkapa." "Kwa Mkapa hatoki mtu." Wengine wanaita Lupaso, kijiji chake kule Masasi alikozikwa. Kwa hilo neno dogo "kwa" uwanja umekuwa nyumba ya mtu. Una mwenyeji. Mgeni akija anafikia kwa mtu, hafikii kwenye zege. Ndiyo maana liliuma zaidi Mei 2025, Simba ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho ikiwa nyuma 2-0 dhidi ya RS Berkane, na mechi ya marudiano ikapelekwa Amaan, Zanzibar, kwa sababu ya hali ya nyasi za kwa Mkapa. Zanzibar ni kwetu na Amaan imejengwa upya ikapendeza, lakini nusu ya wateja wangu walipanda boti wakiwa wanyonge. Ikaisha 1-1.

Baba jina jipya alilipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Alikuwa anatazama kwenye televisheni, amekaa kwenye mkeka. Tangazo lilipotoka akanyamaza kidogo, akasema, "Basi Taifa yangu imerudi."

Sasa namba.

Kijana aliponiuliza mbona hatustaafishi, nilitaka kumwambia asikilize Kiswahili chake mwenyewe. Sisi mchezaji hatumuulizi anavaa namba gani. Tunauliza anacheza namba gani. Beki wa kulia ni namba mbili, wa kushoto ni tatu. Namba tano anasimama nyuma kama nguzo, namba sita anakaa mbele ya mabeki, saba na kumi na moja ni mawinga, tisa anafunga. Mtu anaweza kuvaa 27 mgongoni na tukasema anacheza sita. Mchezaji akianza kupangwa tunasema amepata namba. Akikaa benchi amenyang'anywa namba. Wawili wakigombania nafasi, wanagombea namba. Zamani jezi zilikuwa moja mpaka kumi na moja kwa kazi ya mtu uwanjani; Uingereza kwenyewe ligi yao kuu ilianza kumpa kila mchezaji namba ya msimu mzima na jina mgongoni mwaka 1993. Wao wamebadilika, na sisi jezi zetu zimebadilika, lakini ulimi umekataa. Kwenye ulimi wetu namba ni kazi. Ni kama jembe. Mwenye jembe akifa unamlilia, unamzika, na msimu wa mvua jembe linatoka.

Hili sikulipata kwa kufikiri. Nililipata nyumbani.

Kaka yangu alicheza namba sita kwenye timu ya mtaa kwa miaka kumi na moja. Hakuwa mtu wa magazeti. Mchana alikuwa fundi wa friji, jioni yuko uwanjani kwenye vumbi. Namba sita wa mtaani ndiye anayekimbia kuliko wote na kushangiliwa kidogo kuliko wote, kwa sababu kazi yake ni kuzuia mambo yasitokee, na jambo ambalo halikutokea halina shangwe. Nilipoanza kazi hii mwaka 2011 seti yangu ya kwanza ilikuwa yao. Jezi nyekundu, namba nyeupe.

Namba inakatwa na mashine kwenye karatasi ya plastiki yenye gundi ya joto. Ukishakata unachambua mabaki kwa sindano, na ukikata sita umekata na tisa, unageuza tu. Unatandika jezi kwenye sahani ya mashine, unapima vidole vinne kutoka kwenye mshono wa shingo, unaweka namba, unafunika karatasi ya kuzuia kuungua, unashusha mkono. Unahesabu. Tatizo ni nyekundu. Jezi hizi ni za poliesta, na poliesta nyekundu ikipata joto jingi rangi yake inapanda. Inapenya ndani ya ile nyeupe. Siku hiyohiyo huoni kitu, unakabidhi kazi unajisifu. Baada ya kufua mara tatu nyeupe inakuwa pinki. Sikuwa nayajua hayo. Nilipandisha joto mpaka mwisho nikidhani ndiyo uimara, na baada ya mwezi timu nzima ilikuwa na namba za pinki mgongoni.

Nililia. Nikawaambia walete zote nizibandue, nichape upya kwa gharama yangu. Kumi na tatu wakaleta. Kaka hakuleta. Nilimfuata mara mbili, akasema yake ameshaizoea. Aliivaa hiyo sita ya pinki mpaka 2018.

Alifariki Septemba mwaka huo, ajali ya bodaboda, barabara ya Mandela. Hapo sitaandika zaidi.

Baada ya arobaini timu ilifanya kikao uani kwetu. Vijana walikuwa wameona kwenye televisheni mambo hayohayo ya Milan na Napoli, wakasimama mmoja mmoja wakasema namba sita isivaliwe tena. Mama alikuwa analia, baba ameinama. Mimi nilikuwa naunga mkono kwa kila kitu nilichonacho. Halafu kocha, mzee ambaye alimlea kaka tangu ana miaka kumi na moja, akaomba ruhusa ya kusema. Macho mekundu. Akasema maneno manne.

"Sasa nani atacheza sita?"

Hakukuwa na mtu wa kujibu. Kwa maana hakuwa anaulizia kitambaa. Jumapili kulikuwa na mechi, na mbele ya mabeki pale, mahali alipokuwa anasimama kaka, kulikuwa na shimo, na lazima mtu aingie akasimame. Baba ndiye aliyeinua kichwa. Akasema, "Nguo tupeni sisi. Namba mpeni mtoto aicheze."

Ndivyo ilivyokuwa. Jezi ilikabidhiwa kwa mama, ipo kwenye sanduku lake katikati ya kanga, haijafuliwa tangu siku ile. Na Jumapili alisimama sita mtoto wa miaka 17, jirani yetu nyumba ya tatu, aliyekuwa anambebea kaka viatu. Nilimchapia usiku wa Jumamosi. Safari hii joto nililijua. Sita ilitoka nyeupe kama maziwa.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa chuo, ukiwa unasoma: sisemi City walikosea kwa Foé. Ile ni lugha yao, na wameisema vizuri. Argentina nao walitaka kuiweka pembeni 10 ya Maradona kwenye Kombe la Dunia la 2002, FIFA ikakataa, ikavaliwa na Ortega, na sijui kama kuna aliyeona Maradona amepungua. Kwa hapa kwetu ningependa klabu zianze na kitu kingine kabisa: ziandike. Ziweke vitambaa. Nenda Msimbazi, makao makuu ya Simba, uwaombe wakuonyeshe jezi aliyovaa Kibadeni siku ya sita bila, uone watakupeleka wapi. Kabla ya kustaafisha namba, tunza nguo, andika nani aliivaa, tarehe gani, aliitolea jasho gani.

Jana jioni nilikuwa nafunga kibanda. Akaingia huyo aliyekuwa mtoto wa miaka 17, sasa ana mke na ndevu, amebeba mfuko wa jezi za msimu mpya za timu yetu ya mtaa. Nyekundu. Jina la mtaa ndilo lililopo kifuani, wamechangishana wenyewe. Akaniamkia, akanisaidia kuzipanga, tukazichapa zote mpaka ikabaki moja.

"Dada," akasema, "hii ya sita unaweza kuipandisha joto kidogo? Ikae kama ile ya kaka."

Nikamtazama kama anatania. Hakuwa anatania.

Kawaida yangu kwa nyekundu ni digrii 140, sekunde kumi na tano. Nikaweka karatasi mbili ili kitambaa kisiungue, nikapandisha mpaka 170, nikapima vidole vinne kutoka shingoni, nikashusha mkono wa mashine, tukahesabu wote wawili kwa sauti mpaka thelathini.